Basi la wanachuo litasimama kwangu, na nyumba si yangu

Dada mshauri, shikamoo.

Naomba unisome hadi mwisho, maana jambo lenyewe nikilitaja kwa kifupi linaonekana la kitoto.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 62. Ualimu nilisomea Korogwe, nikaingia 1982 nikatoka 1984, na chaki nimeishika miaka 39. Miaka mitatu iliyopita mmoja wetu aliiokota picha ya siku tuliyomaliza chuo, akawatafuta wawili watatu aliokuwa na namba zao, nao wakawatafuta wengine, likazaliwa kundi la WhatsApp. Leo tumo 47. Siku za mwanzo, dada, nilikuwa silali. Tulikuwa tunaulizana nani kasimama wapi kwenye picha, nani alianguka kwenye tope alfajiri ya mchakamchaka, nani alilia mbele ya darasa siku ya kwanza shule ya mazoezi. Tukakumbushana ugali wa unga wa yanga, tulioula hadi rangi ya njano tukaichukia. Tukakumbushana usiku wa 12 Aprili 1984, tulivyoizunguka redio moja bweni zima kusikia kwamba Sokoine amefariki barabarani kule Morogoro. Watu wazima wenye wajukuu, kila mmoja yuko jikoni kwake anacheka na kulia na simu.

Kwenye picha hiyo mimi nipo mstari wa mbele, nimevaa viatu vyeusi vya kamba. Havikuwa vyangu. Vilikuwa vya mwenzangu wa kitanda cha juu, maana tulilala deka moja miaka yote miwili, yeye juu mimi chini. Miaka ile viatu vilikuwa adimu madukani hata kwa mwenye hela, na sabuni tulikuwa tunagawana kipande kimoja tukikikata kwa uzi. Vyangu vilikuwa vimeachana soli. Akanivua kandambili zangu, akanivisha viatu vyake, akaenda kusimama mstari wa nyuma kabisa ili miguu yake isionekane. Huyu nitamrudia.

Baada ya kumbukumbu zikaja habari za sasa. Huyu kastaafu, kajenga Morogoro, ana visima viwili. Yule mtoto wake kamaliza udaktari. Mwingine katuma picha ya migomba yake Lushoto, kavaa buti, anang'aa kama kijana. Kila habari ilifuatwa na hongera mwalimu, Mungu ni mwema, milima haikutani. Nilifurahi nao kweli, na usiku nikawa nahesabu yangu.

Yangu ni haya. Nilistaafu 2023, nikapata kiinua mgongo cha milioni arobaini na kitu. Mwanangu wa kiume alikuwa hana kazi, tukakubaliana tununue Noah ya abiria aiendeshe mwenyewe. Miezi minane ikapata ajali. Tulikuwa tumekata bima ndogo, kwa hiyo gari letu halikulipwa hata senti. Nikachukua mkopo wa wastaafu benki ili tulitengeneze, likatengenezwa, likaharibika injini. Kiwanja changu cha Mlandizi, chenye msingi uliokwisha kumwagwa zege, nikakiuza kulipa watu wa kausha damu ambao mwanangu alikuwa amewakopa bila kuniambia. Sasa zaidi ya nusu ya pensheni inakatwa benki kila mwezi. Naishi Kibaha kwa binti yangu na mume wake, kwenye vyumba viwili vya uani. Mkwe wangu ni mtu mwema, hajawahi kunikunjia uso. Lakini wewe ni mtu wa kwetu, unajua uzito wa mama mkwe kulala kwa mkwe wake, na si kwa wiki moja.

Asubuhi moja nilitoka nje, jua limepiga ukuta vizuri, kuku wanakula. Nikapiga picha nyumba na banda, nikaituma kundini nikaandika, "Asubuhi njema kutoka nyumbani." Sikuandika kwangu. Niliandika nyumbani. Zikaja hongera kama mvua. Mmoja akauliza kuku wangapi, nikajibu mia tatu, na ni kweli ni mia tatu, ila ni wa binti yangu. Mwingine akauliza nimejenga kwa muda gani. Nikajibu, "Tunamshukuru Mungu." Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikaiacha ikapita. Ni mwaka na miezi miwili sasa.

Kukutana tulitaka iwe 2024, ilipotimia miaka 40. Michango ikasuasua. Safari hii imetimia, watu wamechanga, mwishoni mwa mwezi ujao tunakwenda Korogwe siku mbili, tukakione chuo. Mchango ni shilingi 180,000, ndani yake fulana za sare, chakula, usafiri, na zawadi ya kukipelekea chuo. Mimi sijatoa. Wiki iliyopita katibu akaandika kwamba, kwa kuwa walio Dar wanakodi Kosta mbili na Kibaha ipo njiani, wameamua wote wasimame kwangu, wanywe chai, waone mradi wa kuku ili na wengine wajifunze. Watu zaidi ya 30. Wamekwisha kuniita mwenyeji wetu.

Nimewaza kusema naumwa. Nimewaza kujitoa kundini usiku, nibadilishe na laini. Tatizo neno la ugonjwa nilikwisha litumia. Mwaka jana mwenzangu wa kitanda cha juu, anayeishi Muheza, alifiwa na mume. Sikwenda. Niliandika naumwa malaria, nikatuma rambirambi ya elfu kumi kwa simu. Ukweli sikuwa na nauli ya kwenda na kurudi, na sikutaka kumwomba mkwe. Tangu hapo ananipigia karibu kila Jumapili jioni. Sipokei. Namwandikia kesho yake kwamba simu ilikuwa kwenye chaji. Ni miezi saba.

Kwa hiyo dada, nifanyeje kuhusu Kosta? Niwaambie binti yangu anasafiri, nyumba itakuwa imefungwa? Au niseme ukweli nichekwe na watu 46 kwa siku moja? Umri huu aibu hainipiti haraka kama zamani.

Ni mimi,
Mwalimu wa Kibaha

*

Marahaba, mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nyumba umeiandikia aya na aya. Msiba umeuandikia mistari michache, kisha ukakimbilia tena kwenye Kosta. Mimi nitaanza pale ulipopita mbio, kwa sababu naamini ndipo panapokuuma, na hayo mengine yamekaa juu yake.

Mwanamke aliyekuvua kandambili akakupa viatu vyake alizika mume, nawe hukuwepo. Huo ndio uzito wa barua hii. Wale 46 ukiwakosea kuhusu nyumba, wataongea siku tatu, siku ya nne mmoja atatuma picha ya mjukuu na habari itahama. Huyu mmoja alipoinua kichwa matangani alikutafuta kwa macho. Mwalimu, sisi tunajua. Mtu akifiwa huwaona wote waliokuja, lakini asiyekuja humwona zaidi.

Lakini nakuomba uangalie anachokifanya. Amekupigia karibu kila Jumapili kwa miezi saba, na hupokei. Mtu aliyekasirika kabisa hafanyi hivyo. Aliyekukatia tamaa hafanyi hivyo. Mjane anayepiga simu Jumapili jioni ni mtu aliyekaa peke yake saa ambayo zamani nyumba ilikuwa na sauti ya mtu mwingine, na katika namba zote alizo nazo anachagua yako. Wewe umekuwa ukidhani unamkwepa asije akakuuliza kuhusu nyumba. Hana habari na nyumba yako. Anatafuta mtu aliyemjua akiwa msichana.

Nenda Muheza. Nenda kabla ya safari ya chuo, nenda peke yako, usingoje kujibanza kwenye Kosta ukamkute Korogwe mbele ya watu wenye fulana za sare. Pole haitolewi kwenye foleni ya chakula. Panda basi la Tanga hapo hapo Kibaha, litakupitisha Chalinze hadi Segera, halafu hilo hilo linakata kulia kuelekea Muheza, hubadilishi gari. Ukitafuta gharama yake utaona ni sehemu tu ya ile 180,000. Na nakwambia jambo ambalo katibu wenu asingependa kulisikia: kama una fedha ya safari moja tu mwaka huu, basi iwe ya Muheza, na chuo kisubiri. Majengo yamekaa miaka yote hiyo, hayatakasirika.

Usiende mikono mitupu. Sukari, mchele kidogo, na trei mbili za mayai ya hao kuku. Umlipe binti yako bei ya trei, uyabebe mwenyewe mapajani. Mayai hayo yanasema maisha yako ya sasa kwa usahihi kuliko picha yoyote uliyotuma kundini.

Ukifika, kaa chini kwanza. Acha yeye aseme. Mume aliugua vipi, alisema nini mara ya mwisho, nani alisaidia, nani alisumbua kwenye mirathi. Aseme mpaka amalize. Hapo usianze habari ya nauli. Najua utatamani, maana imekukaa kooni, lakini ukiitanguliza utakuwa umemfanya mfiwa akubembeleze wewe. Akishamaliza, na huenda ikawa usiku taa imezimwa, ndipo umwambie: sikuwa naumwa, sikuwa na nauli, nikaona aibu kukuomba. Maneno hayo yanatosha. Anaweza kulia. Anaweza kukukaripia, kwamba ungenipigia ningekutumia, sisi tuligawana sabuni wewe unanionea aibu ya nauli? Akikukaripia hivyo, pokea. Hiyo karipio ni yako, ameitunza miezi saba.

Sasa turudi Kibaha.

Kabla hujaandika neno lolote kundini, zungumza na binti yako na mkwe wako. Hapa naona umeteleza bila kujua. Katika barua nzima unahangaika wageni watafikiri nini, wala hujauliza wenye nyumba watasema nini. Watu zaidi ya 30 wanakuja kunywa chai kwao, kukagua banda lao, na hakuna aliyewaomba ruhusa. Kaa nao wote wawili, waambie ulichoandika, picha na yale majibu yako ya "tunamshukuru Mungu". Mkwe ambaye hajakukunjia uso muda wote huu hatakukunjia kwa hili. Mimi nimeishi na mkwe mwaka mmoja nilipofanyiwa upasuaji wa nyonga, nikawa natembea kwa kunyata nyumbani kwao kama mwizi. Kumbe yeye alikuwa ananyata kuliko mimi, anaogopa kunikosea. Tulipokuja kusemeshana tukaanza kula meza moja. Heshima ya ukwe ni jambo zuri sana, lakini ukiitumia kama ukuta inawafungia wote wawili nje.

Wakisema wageni waje, waje. Wakisema hapana, ni hapana, na si kosa lako tena.

Kuhusu kusema nyumba itakuwa imefungwa: usithubutu. Utalazimika kuieleza funguo, safari ya binti, kuku wanalishwa na nani, na safari ijayo basi litasimama tena. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nawe umeficha mwaka na miezi miwili, umezaa nini zaidi ya simu usizopokea?

Kundini andika kwa ufupi, mchana kweupe, si usiku wa manane. Unaweza kusema hivi: "Wapendwa, naomba nirekebishe jambo. Nyumba niliyowatumia ni ya binti yangu na mume wake, mimi naishi kwao tangu nistaafu, na kuku ni wao, mimi ndiye ninayewalea. Mliponipongeza nilinyamaza, nami naomba radhi kwa hilo. Kama bado mnapenda kupita, wenye nyumba wamewakaribisha." Basi. Usiandike Noah, usiandike bima, usiandike mkopo wala kausha damu. Hizo ni habari za mwanao pia, naye ana haki ya kutosimuliwa mbele ya wazee 46 asiowajua. Kuomba radhi kwa ulichokosea hakukulazimishi kufungua daftari lote la madeni.

Angalia neno moja nililoliweka humo: ninayewalea. Kuku mia tatu hawakui kwa bahati. Kuna mtu anaamka kuwapa maji, anajua siku ya chanjo ya kideri, anasikia kuku mmoja akikoroma anamtenga kabla hajaambukiza banda. Mtu huyo ni nani pale kwenu? Binti na mkwe wanakwenda kazini, nadhani. Katibu alisema wanataka kujifunza. Watajifunza kwa nani kama si kwa mwalimu anayeingia bandani kila siku? Hilo la kuku hukudanganya sana kama unavyofikiri, ulikosea jina la mwenye mali tu.

Halafu kuna hesabu ambayo haijakaa sawa kichwani mwako, naomba tuifanye pamoja ubaoni. Umejipima na wenzako wa darasa ukajiona wewe ndiye uliyeshindwa. Mlimaliza chuo siku moja, lakini hamkuzaliwa siku moja, na hamkustaafu siku moja. Mtumishi wa umma anaweza kuondoka kwa hiari akifikisha 55, na kwa lazima akifikisha 60. Mwenzenu aliyewazidi miaka miwili mitatu, au aliyeondoka mapema, alistaafu wakati walimu walio wengi walikuwa wanapewa nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Julai 2022 kikokotoo kikabadilika, mkupuo ukawa asilimia 33, na inayobaki ndiyo inayolipwa kidogo kidogo kila mwezi. Wewe umestaafu 2023. Umeangukia hapo hapo. Bajeti ya mwaka uliofuata ndiyo iliyopandisha hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu zamani. Kwa hiyo yule wa visima viwili na wewe mngeweza kuwa na mshahara uleule na miaka ileile ya kazi, yeye akashika mkononi mamilioni mengi kuliko wewe, kwa sababu ya tarehe tu. Ajali ya Noah sikuitakasa, na bima ndogo kwa gari la biashara ni kosa ambalo naomba kila mstaafu anayesoma hapa alishike. Lakini tafadhali usijibebeshe hata kile ambacho kalenda ilikubebesha.

Na hao waliojenga, unajua deni lao? Kundi la wanachuo wazee ni mahali ambapo kila mtu anatundika shati moja safi kambani. Sisemi wanadanganya. Mwenye migomba ya Lushoto ana migomba kweli. Lakini hutaona kundini picha ya chumba cha mgonjwa, wala barua ya benki, wala mtoto aliyekataa kupiga simu. Nina hakika katika hao 46 wapo watano au kumi wanaoisoma michango ile ya 180,000 na kufunga simu taratibu kama wewe.

Mwandikie mhazini peke yake, si kundini. Mwambie unaweza kutoa kiasi gani na lini. Kama ni elfu hamsini kwa awamu mbili, sema hivyo, na fulana waikate kwenye hesabu yako. Mhazini mwenye akili hatakuuliza zaidi. Nami, kwa kuwa najua makatibu na wahazini wa namna hii wanasoma safu hii, nawaomba kitu kimoja: punguzeni hizo fulana. Mwalimu mstaafu ana mashati ya kutosha. Weka kiwango kidogo ambacho kila mtu anakiweza, na mwenye nacho aongeze kimya kimya kwa ajili ya mwenzake. Tuliosoma enzi za sabuni ya kukata kwa uzi hatupaswi kufundishwa jambo hili.

Nikusimulie la kwetu, kisha nikuachie. Mimi nimekuzidi miaka tisa, na chuo changu ni kingine, huko kusini. Tulipokutana mara ya kwanza tukiwa wazee, mmoja wetu alikuja na daftari la mahudhurio. Alikuwa amenakili majina yote 52 kwa mkono, kwa utaratibu wa herufi, kama tulivyoitwa kila asubuhi. Tukasimama chini ya mwembe, akaanza kuita. Aliyepo aliitika "nipo mwalimu". Aliyefariki, tuliitika wote kwa pamoja, "amelala". Yalikuwa mengi, mwalimu, koo zilikauka. Lakini hayo tuliyaweza. Lililotushinda ni jina la herufi M. Liliitwa, hakuna aliyejibu. Hakuwa amekufa. Alikuwa hai, wengine waliwahi kumwona stendi ya mkoa mmoja, namba yake ilikuwa haipatikani. Hatukujua tuitike nini. Mwenye daftari alisubiri, akaliita mara ya pili, akasubiri tena, kisha akaweka kidole kwenye jina linalofuata. Miaka imepita na ukimya ule naukumbuka kuliko hotuba zote za siku hiyo.

Alikuwa na sababu zake, naamini nzito kama zako. Hatukuwa tunataka kuona nyumba yake.

Ndiyo maana lile wazo lako la kujitoa kundini usiku na kubadilisha laini limenitoa jasho. Wote 46 wanaweza kukulaumu, kukuchokoza, hata mmoja au wawili wakacheka, maana kila darasa lilikuwa na wa kucheka na hawajaacha. Utaumia siku hiyo. Lakini jina lako likiitwa Korogwe, mtu mmoja kutoka mstari wa nyuma atageuka kukutafuta. Umkute umekwisha kwenda kwake, au angalau umekwisha kupokea simu yake.

Binti na mkwe zungumza nao kesho jioni wakishakula. Namba ya mhazini unayo. Ya Muheza itakupigia yenyewe Jumapili, na mwaka huu simu yako isiwe kwenye chaji.